UKIMSIFIA JIRANI SINEMA, MWELEZE NA YALIYOMO

Katika makambi ya askari na polisi nchini Uganda, habari ya sinema mpya hufika kabla ya sinema yenyewe. Koplo aliyetoka likizo huileta pamoja na salamu za ndugu. Mama anayefua penye bomba humpasha jirani yake. Na ifikapo jioni watoto wa mstari mzima wa nyumba wanajua nani alipigwa risasi na nani alinusurika. Hata hivyo, mara nyingi sifa yenyewe ni maneno mawili tu: "Ni kali!" Mzazi aliyeambiwa hivyo huwakusanya wanawe mbele ya televisheni, na baada ya dakika kumi hulazimika kuinuka upesi na kuizima.

Ajabu ni kwamba Uganda ina mabingwa wa kueleza sinema. Katika vibanda vya video vya Kampala na miji mingine, msimulizi aitwaye VJ hushika kipaza sauti, akazigeuza sinema za kigeni kwa Kiluganda huku picha zikienda, akachekesha, akamtambulisha kila mhusika ili aliyechelewa kuingia asipotee. Wapo watazamaji wanaomchagua msimulizi kwanza, sinema baadaye. Kenya kazi kama hiyo imempa jina DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili, na Dar es Salaam alivuma Lufufu. Kasoro yao ni moja, nayo wenyewe huiona kuwa ufundi: huwatia wahusika maneno ambayo hawakuyasema kamwe. Katika sinema ya ngumi na mateke hilo halimdhuru mtu.

Mfano mzuri ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Kapteni Alex, askari hodari, anatumwa na kikosi chake kulivunja genge la majambazi. Usiku mmoja anakutwa ameuawa hemani mwake kambini, na ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kumtafuta muuaji. Nabwana ameeleza kwamba gharama yote haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu na mbao, na helikopta zinazoishambulia Kampala zilichorwa kwa kompyuta. Mkufunzi wa kwata huenda akakereka kwa namna silaha zinavyoshikwa, lakini atacheka. Nakala ya awali haipo tena, kwa maana Nabwana aliifuta katika kompyuta yake ili apate nafasi ya sinema iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, na pengine ni bahati, kwa kuwa nusu ya utamu umo katika maneno yake. Anayemshauri mwenzake aitazame yampasa aseme wazi kwamba watu wanauawa kwa wingi, ijapokuwa damu yenyewe ni rangi tupu. Amwambie vilevile asingojee jibu la swali lililomo katika jina la sinema. Halijibiwi.

Mambo hubadilika sinema inapogusa watu walioishi kweli. The Last King of Scotland, ya mwaka 2006, ilipigwa picha nchini Uganda, na Forest Whitaker, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin, alipata kwayo tuzo ya Oscar mwaka 2007. Uigizaji wake unastahili kila sifa. Lakini daktari kijana wa Kiskoti ambaye sinema nzima yamfuata nyuma hakuwako duniani. Alibuniwa katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Bi Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alikufa kweli, na mwili wake ulikutwa umekatwakatwa. Hiyo ilikuwa mwaka 1974, ilhali sinema imeisogeza mauti yake hadi karibu na siku za mateka wa Entebbe, mwaka 1976, tena ikambandikia mapenzi na daktari huyo wa kubuni. Namna alivyokufa ingali ikibishaniwa. Mwanamke huyo hawezi kujitetea. Anayeisifu sinema hiyo anaweza, kwa sentensi moja tu, kumwondolea aibu isiyo yake.

Kambini neno hilo lina uzito zaidi kuliko mtaani. Mwaka 1971 askari wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa na wenzao ndani ya makambi, Jinja na Mbarara yakiwamo. Kijana aliyeandikishwa jeshini hivi karibuni huenda hana kingine anachokijua juu ya miaka ile isipokuwa sinema hii, naye hajui kama jirani wa ukuta mmoja babu yake alitoweka wakati huo, au kama babu huyo alikuwa miongoni mwa walioshika bunduki. Kupaza sauti ukumbini kwamba "ni kali" huku jirani huyo ameketi kimya ni ukosefu wa adabu, hata kama haukukusudiwa.

Anayetaka kumsikia Amin mwenyewe ashauriwe atafute picha ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974, isiyo na waigizaji. Amin aliikubali ipigwe. Ndani yake anapiga kodiani, anawaongoza askari wake katika zoezi la kuiteka milima ya Golan, na katika mkutano wa baraza anawakaripia mawaziri. Waziri wa mambo ya nje, Luteni Kanali Michael Ondoga, alionekana maiti katika mto Nile mwaka huohuo. Schroeder alieleza baadaye kwamba picha ilipoonyeshwa London, watu wa Amin waliingia ukumbini wakaandika kila neno lililosemwa. Amin akadai sehemu fulani zikatwe, akawazuia Wafaransa waliokuwa Uganda hadi alipotimiziwa. Zilirudishwa baada ya yeye kuanguka mwaka 1979.

Kwa jioni ya familia nzima, Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, haina mshindani wa karibu. Yahusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyefunzwa sataranji na Robert Katende hata akaenda kushindana Urusi mwaka 2010. Mama yake, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, atawagusa akina mama wote waliowahi kufukuzwa nyumba kwa kukosa kodi. Wenye watoto wadogo waambiwe mapema kwamba kuna mvulana anayegongwa na pikipiki, na dada mkubwa anayekwenda kuishi na mwanamume. Wajiandae pia kwa kesho yake, maana watoto watataka kucheza. Ubao wa vyumba 64 huchorwa kwa makaa juu ya boksi, na vifuniko vya soda 32 vilivyoandikwa majina ya kete hutosha wachezaji wawili.