Sado Isiyojaa

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili atunge hadithi yenye ujumbe, ataanzia kwenye ujumbe. Ataandika "wizi ni mbaya", kisha atatafuta mwizi, kisha polisi, na mwishoni ataleta mzee mwenye bakora asimame mbele ya kijiji kizima aseme yale yale yaliyokuwa mstari wa kwanza. Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kutwa huku Lushoto, na insha za namna hii naweza kuzisahihisha nimefumba macho. Lawama si ya watoto. Sisi ndio tuliowazoesha kuulizwa, kila hadithi inapokwisha, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Nao wanajibu walichoulizwa.

Dawa nimeipata kwenye klabu yetu ya filamu, ambako Jumamosi tunatengeneza filamu za stopu mosheni kwa udongo, waya na simu. Dawa yenyewe ni uchovu.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Stopu mosheni ni filamu inayotokana na picha za mnato. Unakipiga picha kikaragosi, unakisogeza kidogo mno, unapiga nyingine, unakisogeza tena. Picha hizo zikipitishwa haraka, jicho linaziunganisha na kikaragosi kinaonekana kinatembea chenyewe. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Watengenezaji wengi wa stopu mosheni hupiga 12 tu, kila moja ikaonekana mara mbili, na mtazamaji halalamiki. Sisi pia tunapiga 12. Dakika moja, basi, ni picha 720. Sasa mrudie yule mzee mwenye bakora. Hotuba yake ya nusu dakika ni picha 360 za mdomo wa udongo ukifunguka na kufumba, na kati ya picha na picha kuna mkono wa mtoto unaoingia, unaosogeza, unaotoka. Wanafunzi walipoipiga hesabu hiyo ubaoni, mzee alifukuzwa kazi siku hiyohiyo na hakuna aliyemtetea.

Lakini mzee akishaondoka, ujumbe unabaki hauna pa kukaa. Inabidi utafutiwe kitu cha kukalia: mkono, ndoo, mlango, namna mtu anavyogeuza shingo.

Filamu moja ya klabu yetu, ambayo nitaizungumzia hapa, inahusu sado, ile ndoo ndogo ya plastiki ya lita nne hivi ambayo masokoni kwetu hupimia maharage, mahindi, viazi na hata dagaa. Wakala wa Vipimo wamehimiza mizani miaka nenda rudi, sado bado ipo. Na kila anayekwenda sokoni anajua kuwa sado hazilingani. Kuna iliyopashwa moto kitako, kikabonyezwa kwa ndani, ikabaki na umbo lake la nje vilevile huku tumbo limepungua.

Msichana aliyeleta wazo hili hakutamka neno udanganyifu. Alisema, "Madamu, mama akinunua sokoni, akija kumimina kwenye sado yetu ya nyumbani, haijai." Nikamwambia akae hapohapo, asiongeze kitu. Mama ananunua, anarudi nyumbani, anamimina, anatazama. Kati ya maharage na ukingo wa ndoo pana nafasi ya vidole viwili. Ujumbe umekaa kwenye nafasi hiyo, wala hauhitaji mdomo.

Sado zetu zilikuwa vile vikombe vidogo vya kupimia dawa ya kikohozi ya watoto. Kimoja tulikibandika udongo kwa chini. Vikaragosi vilikuwa na urefu wa shubiri moja, kwa hiyo maharage ya kweli yangeonekana kama mawe ya kujengea, tukatumia ulezi. Huo ulezi ulitutesa. Punje zinazomiminwa huwezi kuziambia zisimame hewani zisubiri picha. Mwishowe walichovya uzi kwenye gundi, wakauviringisha kwenye ulezi, wakauning'iniza kwa nailoni ya kuvulia samaki. Kila baada ya picha wanaushusha kidogo. Ndani ya kikombe waliweka kiduara cha karatasi kilichogandishwa ulezi juu, na chini yake wakaongeza vipande vya udongo, kimoja baada ya kingine, ili kina kionekane kinapanda. Ukiitazama kwenye skrini huamini kuwa hakuna punje hata moja iliyomwagika.

Mifupa ya vikaragosi ni waya wa kufungia nondo, uliosokotwa mara mbili. Unapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi na ni wa bei nafuu, ila ukiupinda mahali pamoja mara nyingi unakatika, na kwa kawaida hukatika kwenye kiwiko, katikati ya tendo muhimu. Miguu inashikiliwa kwa pini zinazopenya hadi kwenye kipande cha sofutibodi, maana kikaragosi kinachonyanyua mguu mmoja lazima kianguke kisipofungwa. Mwilini tunatumia plastisini. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri kuushika, lakini taa zikiupiga unakauka na kupasuka. Plastisini ina mafuta, haikauki. Huku milimani mwezi wa Julai plastisini huwa ngumu asubuhi kama kipande cha sabuni ya mche, na wavulana wamezoea kuiweka kwapani kwanza. Sipendi, lakini inafanya kazi.

Mwanga ndio unaoharibu filamu nyingi za wanaoanza. Kamera ya simu ina tabia ya kujirekebisha yenyewe kila picha, hii ikatoka na mwanga mwingi, ile kidogo, na filamu nzima ikawa inapepesa. Programu nyingi za kamera zinakuruhusu kufunga mwanga na umbali. Ufunge kabla hujaanza. Dirisha tunaliziba kwa blanketi, kwa sababu mawingu ya Usambara hayasubiri mtu. Simu inabanwa kati ya tofali mbili kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, inawekwa hali ya ndege isije ikapigiwa na kutetemeka, na picha tunapiga kwa kitufe cha sauti cha spika za masikioni, ili mtu asiiguse simu yenyewe. Kila anayesogea karibu na meza avae sweta la shule hata kama kuna joto: shati jeupe linarudisha mwanga kwenye uso wa kikaragosi.

Kisha unakuja mwendo. Mtoto anayeanza husogeza mkono wa kikaragosi umbali uleule kila picha, na mkono unatoka kama wa mashine. Mkono wa mtu huanza taratibu, unashika kasi katikati, unapunguza unapokaribia kitu. Tulilijaribu hili kwenye tukio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Muuzaji ameshajaza ile sado yake, anachota kiganja kimoja cha maharage na kukiongeza juu, nyongeza, huku ameinamisha kichwa kwa ukarimu. Kijana mmoja ndiye aliyelileta, na ni la kweli kabisa: anayekupunja hakosi nyongeza. Kiganja kinaposhuka, kinashuka polepole mno, picha baada ya picha, ili mtazamaji apate muda wa kukiona.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye tukio la nyumbani, mama anapotazama nafasi ya vidole viwili. Nilitaka atulie sekunde mbili. "Madamu, hapa hafanyi kitu," wakasema. Kweli hafanyi kitu. Nikawaonyesha kazi ya Jiří Trnka, bingwa wa vikaragosi wa Czechoslovakia, aliyetoa filamu inayoitwa Ruka, maana yake Mkono, mwaka 1965. Mhusika ni mfinyanzi mdogo anayetengeneza chungu kwa ajili ya ua lake. Unaingia mkono mkubwa, mkono halisi wa binadamu uliovaa glovu, unataka afinyange sanamu ya mkono. Anakataa. Unamhonga, unamtisha, unamfungia katika tundu, na akifa unamfanyia mazishi ya heshima. Katika dakika 18 hazungumzi hata neno moja. Na uso wake haubadiliki: umechorwa mara moja, basi. Trnka alikuwa akibadilisha mwanga na pembe ya kamera, na huzuni ikaonekana kwenye mti mkavu. Alifariki mwaka 1969, na baada ya hapo watawala wakaipiga filamu hiyo marufuku. Nadhani hakuna tathmini nzito zaidi ya ujumbe kuliko hiyo: serikali iliuelewa wote bila kuambiwa. Wanafunzi waliniomba niirudishe mwanzo. Mama yetu akatulia sekunde mbili.

Ili wasidhani ni mambo ya Wazungu tu, huwatajia pia jina la Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto wa Kongo, aliyechukua ngano ya Watetela ya chura anayekwenda ukweni na kuifanya filamu ya karatasi zilizokatwa mwaka 1991, na baadaye, mwaka 1999, akatengeneza Muana Mboka kwa vikaragosi, juu ya mtoto wa mitaani wa Kinshasa. Ngano tunazo. Waya upo.

Sasa kutathmini. Chombo tunacho tayari, na kila aliyepita sekondari anakikumbuka: fani na maudhui. Tofauti ni kwamba kipengele cha matumizi ya lugha kwenye filamu hii kinageuka kuwa umbali wa kamera, mwanga na kasi ya mkono. Kwenye fani sikati alama kwa alama ya kidole kwenye shavu la udongo. Filamu za Wallace na mbwa wake Gromit, za Nick Park wa Uingereza, zina alama za vidole zinazoonekana wazi na zimependwa duniani kote. Gromit mwenyewe hana hata mdomo, anasema kwa nyusi. Lakini kivuli cha mkono wa mpigaji kikipita kwenye picha moja, nakata, kwa sababu kinamkumbusha mtazamaji kuwa yuko darasani.

Kwenye maudhui sitoi alama mimi. Tunazima sauti na kuwaonyesha watoto wa kidato cha kwanza ambao hawajui lolote kuhusu filamu hiyo. Sharti langu ni moja, swali lisiwe "Mmejifunza nini?" Ukiuliza hivyo watakujibu uaminifu, bidii, kuheshimu wazazi, hata kama umewaonyesha mbuzi anakula majani. Waulize, "Nini kimetokea?"

Walipoulizwa juu ya rasimu ya kwanza ya filamu ya sado, walijibu bila kusita: "Mama kamwaga maharage njiani." Kikundi kilinuna. Lakini jibu lilikuwa sahihi kwa walichokiona, kwani hapakuwa na mahali palipoonyesha kitako kilichobonyea. Wakabishana wapi pawekwe. Kikionyeshwa mwishoni, mtazamaji anashtuka. Kikionyeshwa mwanzoni, mtazamaji anajua asichokijua mama, na ile nyongeza ya kiganja inakuwa chungu. Wakachagua mwanzoni: muuzaji anaigeuza sado kukung'uta vumbi, na kamera inaona. Mara ya pili kidato cha kwanza walianza kuguna mama alipotabasamu.

Halafu tukaipeleka sokoni, kwenye kompyuta ya mkononi, juu ya meza ya nyanya. Kina mama walicheka. Mmoja akasema kitaalamu kuwa kitako hicho hakikubonyezwa vizuri, kingeonekana. Mwingine, mtu mzima, hakucheka. Akauliza, "Mbona mmemwonyesha anaiba tu? Ushuru halipi? Watoto hana?"

Kijana wetu akajibu kwa adabu, "Shikamoo bibi. Lakini kuiba si haki."

"Marahaba. Sijasema ni haki, mjukuu wangu. Nimesema mmemwonea."

Wakarudi wakaongeza tukio la sekunde nne, picha 48. Jioni, muuzaji amekaa, kanga imetandazwa mapajani, anahesabu sarafu zilizokatwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fungu la ushuru, fungu la kikoba, fungu la nauli. Inabaki moja. Anainua uso kuitazama ile sado, na hapo tunakata.

Mwalimu mwenzangu wa Uraia, ambaye huwa tunasahihisha naye, aliishusha alama kwa tukio hilo. Anasema ujumbe umechafuka, mtoto atatoka akimhurumia mwizi. Mimi niliipandisha. Katika ile filamu ya kwanza muuzaji alikuwa mtu mbaya, na hakuna mtu anayejiona mbaya, kwa hiyo hakuna muuzaji sokoni aliyejiona pale. Katika hii ya pili wauzaji waliangaliana. Hatujakubaliana hadi leo, na daftari la alama lina tarakimu mbili kwenye mstari mmoja.

Filamu inayofuata ni ya lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Gunia limeshashonwa kwa kipande cha kitenge. Taabu ni mchukuzi: tukilijaza mchanga waya wa miguu unapinda, tukilijaza pamba linaonekana jepesi. Nimewaambia uzito wa gunia hautoki ndani ya gunia, unatoka kwenye magoti ya anayelibeba, yanavyokunjwa kabla ya kuinuka na hatua ya kwanza inavyokuwa fupi. Hawakuniamini sana. Jumamosi hii wako sokoni kwenye mafuso, wawili wanawarekodi wachukuzi na wa tatu anahesabu picha.