Suala la Bangi: Kuhalalisha ni kwa Faida ya Nani?

Katika madarasa ya siasa huulizwa swali hili: ikiwa mtu mzima anaruhusiwa kunywa pombe na kuvuta sigara, kwa nini akatazwe bangi? Swali hili ni la haki, na kada hapaswi kulizima kwa kelele. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kumwondolea mtumiaji adhabu ya jinai. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kuvuta na kupanda bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe; kuiuza kukabaki kosa. La pili ni kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda, kwa leseni, kama ilivyoanza Lesotho mwaka 2017. La tatu ni kuhalalisha biashara yenyewe, kama zilivyofanya Uruguay mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018.

Nchi hizi mbili zimefanya jambo moja kwa jina tu. Uruguay dola ndiyo inayotoa leseni za kulima na kupanga bei. Mkazi aliyejiandikisha hununua katika duka la dawa, isizidi gramu 40 kwa mwezi, na matangazo ni marufuku. Kanada uzalishaji uliachiwa hasa makampuni yenye hisa. Mwaka huo huo wa 2018, Constellation Brands, wauzaji wa pombe, waliweka kiasi cha dola bilioni 4 za Marekani katika kampuni ya Canopy Growth. Desemba, Altria, wenye sigara za Marlboro nchini Marekani, walitangaza kununua asilimia 45 ya Cronos kwa dola bilioni 1.8. Ni dhahiri kwamba mabepari hawa hawakufuata uhuru wa mvutaji. Faida yao haitoki kwa anayevuta mara moja kwa mwaka, bali kwa yule asiyeweza kuacha.

Hata leseni ya dawa ina tabaka lake. Zimbabwe mwaka 2018 ilitoza dola 50,000 kwa leseni ya miaka mitano. Mkulima wa jembe la mkono atazitoa wapi?

Hapa kwetu bangi imekatazwa na Sheria ya mwaka 2015. Mashamba yamefyekwa Kisimiri Juu, Arumeru, na katika bonde la Mto Mara. Anayepoteza ni mkulima, ambaye mlanguzi alimfuata na fedha mkononi wakati zao halali likingoja mnunuzi. Mlanguzi yeye huhamia bonde jingine.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Biashara ya bangi isihalalishwe. Ubongo wa kijana huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na bangi hudhuru kumbukumbu na akili yake. Wapo pia wanaokuwa watumwa wake. Madhara ya pombe ni hoja ya kuidhibiti pombe, si ya kuongeza mzigo wa pili juu ya wa kwanza.

Lakini kifungo nacho si tiba. Kijana aliyekutwa na msokoto akichanganywa gerezani na majambazi, taifa limempoteza mara mbili. Huyo apelekwe kwa mganga na kwa mwalimu. Ukali wa sheria umwangukie mlanguzi na mwenye fedha aliye nyuma yake. Na iwapo siku moja kilimo cha dawa kitaruhusiwa, kipitie vyama vya ushirika, kisiwe mlango wa kurudisha mashamba ya walowezi.

Matawi yajadili: katika kijiji chetu, ni zao gani litamlipa mkulima kabla mlanguzi hajabisha hodi? Pasipo jibu la swali hilo, tutafyeka kila mwaka.