Mdomo mkavu: Limau linapofichua hali ya tezi za mate

Mama hamalizi ugali bila glasi mbili za maji. Usiku huamka kunywa tena, na meno yaliyokuwa mazima mwaka jana yameanza kutoboka. Nyumbani wanasema ni joto, au ni umri. Daktari anauliza jingine: je, tezi za mate bado zinafanya kazi?

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Wazazi wanazijua zile za mbele ya masikio, kwani ndizo huvimba mtoto anapougua matubwitubwi. Mate husafisha meno, hupunguza makali ya asidi na hulainisha chakula. Yakikauka, meno huoza na kumeza huwa shida.

Ukavu huo unaweza kuletwa na baadhi ya dawa, kisukari, tiba ya mionzi ya saratani ya kichwa na shingo, iodini yenye mionzi wanayopewa wagonjwa wa saratani ya thairoidi, au ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi zake yenyewe.

Kipimo kimojawapo hufanyika katika idara ya tiba ya nyuklia. Mgonjwa huchomwa mshipani kiasi kidogo cha teknesiamu-99m, kisha hulala mbele ya kamera ya gama. Tezi yenye afya huivuta dawa hiyo na kung'aa kwenye picha. Baadaye mgonjwa huonjeshwa maji ya limau. Mate yakitoka vizuri, mng'ao hupungua. Tezi iliyoharibika haivuti dawa ya kutosha; yenye mfereji ulioziba huivuta, lakini haiimwagi.

Mionzi yake ni kidogo, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Hata hivyo, mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, kwa sababu dawa hiyo hupita kwenye maziwa. Huenda akaelekezwa kusitisha kunyonyesha kwa muda.

Picha hizo peke yake hazitaji ugonjwa. Daktari huzilinganisha na vipimo vingine. Wakati wa kusubiri, mgonjwa anywe maji kidogo kidogo, apunguze sukari, apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, na asiache dawa za hospitali bila ushauri.

Kwa hiyo, mama akiomba maji kila baada ya tonge, msimtanie. Mpelekeni akapimwe kabla meno hayajaisha.