Kuanzisha Jarida la Vifaa vya Kompyuta Tabora

Jarida la mtandaoni la vifaa vya kompyuta huanza na kifaa kilichopimwa, si na tovuti. Tovuti ni kazi ya siku chache: programu ya WordPress hupatikana bure, na jina linaloishia na .co.tz husajiliwa kwa ada ya mwaka. Kinacholifanya jarida lisomwe ni habari ambayo mnunuzi haipati kwa muuzaji: diski hii ina kasi gani hasa, mashine hii inapata joto kiasi gani, na bei yake inastahili au haistahili.

Waliotangulia hawakuwa na mtaji mkubwa. Tom's Hardware ilianzishwa mwaka 1996 na Thomas Pabst, daktari wa tiba kutoka Ujerumani. Mwaka uliofuata, Marekani, Anand Lal Shimpi alianzisha AnandTech akiwa na umri wa miaka 14, na jarida hilo likadumu hadi Agosti 2024. Kila mmoja alianza kwa kupima prosesa na mazabodi mwenyewe na kuandika alichokiona. Huko Ujerumani, jarida la c't lilikwenda mbali zaidi likatoa programu ya H2testw, ambayo hujaza flashi kwa data kisha huisoma tena. Kwa programu hiyo watu wengi wamegundua kwamba flashi iliyoandikwa GB 512 ina uwezo wa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Watu wanne au watano wa kata ya Cheyo, mjini Tabora, wakitaka kufanya kazi hiyo kwa kujitolea, hawana sababu ya kuiga majarida hayo yote. Majarida ya nje hupima vifaa vilivyotoka mwezi huu. Tabora, kama ilivyo miji mingi ya Tanzania, kompyuta ya mezani inayonunuliwa mara nyingi ni used: Dell OptiPlex au HP iliyomaliza kazi katika ofisi ya ng'ambo, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikapita Kariakoo, kisha ikapakiwa kwenye basi la bara. Bidhaa za pwani zimekuwa zikifika Tabora tangu enzi za misafara, wakati mji ulipokuwa njia panda ya kwenda Ujiji na ya kwenda kaskazini hadi Buganda, na reli iliufikia mwaka 1912. Tangu hapo mpaka sasa, kila mkono unaopitiwa na bidhaa huongeza bei na hupunguza maelezo.

Mfano mzuri ni OptiPlex 7010. Dell walilitumia jina hilo mwaka 2012 kwa mashine ya prosesa za Intel za kizazi cha tatu, kisha wakalirudia mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa. Anayeambiwa dukani "7010, Core i5" bado hajaambiwa kitu. Jibu liko kwenye namba ya prosesa: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-13500 ni cha 13. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel Core zilizo chini ya kizazi cha 8. Makala moja fupi juu ya jambo hili ingewafaa wasomaji wa Tabora kuliko mapitio kumi ya kadi za michoro ambazo hakuna atakayezinunua.

Maabara nayo haihitaji kujengwa. Meza ya fundi wa kompyuta hupitiwa na mashine nyingi kwa mwezi, na kwa ridhaa ya mwenye mali kila moja inaweza kupimwa kabla ya kurudishwa, bila kugusa mafaili yake. CrystalDiskInfo huonyesha diski imewaka kwa saa ngapi. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa, hata kama kasha limepanguswa likang'aa. MemTest86+ hukagua RAM. Cinebench R23 huikimbiza prosesa kwa dakika 10, muda unaotosha kuonyesha kama joto linailazimisha kupunguza kasi.

Kipimo kimoja hakitoshi. Kila jaribio hurudiwa mara tatu, na joto la chumba huandikwa pembeni, kwa sababu mchana wa Oktoba mjini Tabora hautoi majibu sawa na asubuhi ya Juni. Hapa ndipo jarida la Tabora lingepata makala zake za kipekee. Mashine ile ile ikipimwa ikiwa na vumbi la kiangazi kwenye feni, kisha ikapimwa tena baada ya kupulizwa na kupakwa pasta mpya ya joto juu ya prosesa, msomaji ataona faida ya kazi ya fundi kwa namba. Vivyo hivyo diski ya zamani ikibadilishwa kwa SSD. Umeme unaokatika na kurudi ghafla ni mada nyingine nzima: pawa saplai ipi huhimili, na UPS ya bei ndogo hudumu dakika ngapi ikibeba kompyuta moja na skrini yake.

Wapimaji huwa rahisi kupatikana kuliko mhariri. Mafundi wengi wanajua kazi lakini hawajazoea kuandika, na mtu wa kujitolea haandiki haraka akikumbuka kwamba halipwi. Afadhali makala mbili kwa mwezi zilizosomwa na mtu wa pili kuliko ahadi ya kila siku. Mji wenye shule kongwe na chuo cha utumishi wa umma, kilichojulikana zamani kama chuo cha uhazili, haukosi watu wanaojua kunyoosha sentensi. Mhariri pia ndiye atakayekubaliana na wenzake istilahi moja kwa kila kifaa, na ndiye atakayepunguza ukubwa wa picha ili ukurasa usimalize bando la msomaji.

Sheria nayo ina nafasi yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata wachapishaji wadogo kuwa na leseni, na gharama ya kuanza ilizidi shilingi milioni 2. Kanuni mpya zilitungwa 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huulizwa kwanza, kabla ya makala ya kwanza kutoka. Duka likitoa kifaa cha kupimwa, hilo huandikwa wazi juu ya makala, na kifaa hurudishwa.

Jina la tovuti lisisajiliwe kwa barua pepe ya mtu mmoja. Wanaojitolea huhama, huajiriwa, huoa au huolewa. Nywila ziwe kwa watu wawili, na nakala ya makala zote ihifadhiwe kila mwezi kwenye diski iliyo nje ya mtandao.