Wakili au Kinywa Chako: Shauri la Mtu wa Luberizi

Mtu wa Luberizi apelekewaye barua ya kuitwa mahakamani, awe mdai au mdaiwa, huwaza barabara kabla hajaiwaza sheria. Maana Mahakama ya Amani, ile ambayo wenyeji huiita Tripaix, iko Uvira, Mahakama ya Rufani iko Bukavu, na yule aliyekwisha kulipa nauli yake na ya mashahidi wake, kisha akarudi nyumbani na habari kwamba kesi imeahirishwa, hana budi kujiuliza kama mfukoni kumebaki kitu cha kumpa wakili. Swali hilo ni la haki, walakini aghalabu watu huliuliza wakiwa wamechelewa.

Sheria yenyewe haimlazimishi. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 19, humpa kila mtu hiari ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi amtakaye, na hiari hiyo huanza polisi, si mbele ya hakimu tu. Na katika madai ya kawaida mtu aweza kusimama kwa nafsi yake, au kumtuma wakili, au kumtuma mtu mwingine mwenye barua maalumu ya uwakilishi.

Tuseme ni kiangazi, mifugo imeshuka kutoka nyanda za juu kulifuata bonde la Ruzizi, na ng'ombe wameingia katika shamba la mihogo la mama mmoja mjane wakaliharibu. Mama huyu, kwa rai yangu, hahitaji ufasaha wa mtu yeyote. Anahitaji mtaalamu wa kilimo alitazame shamba kabla mvua haijaotesha majani mapya, aandike ukubwa wake na thamani ya kilichopotea, na jirani mmoja aliyewaona ng'ombe wale kwa macho yake na anayemjua mchungaji wao. Akiwa na hayo, kinywa chake mwenyewe kinamtosha, na pengine chapita cha wakili, kwa sababu hakimu akimwuliza mpaka uko wapi atautaja kwa mti na kwa mfereji, bila kufungua faili. Hali kadhalika katika magomvi ya urithi na ya mashamba ya kimila, ambayo hakimu huyaamua akiketi pamoja na wazee wanaoijua mila: huko mzee afahamuye nani alimgawia nani, na mbele ya nani, ni hazina kuliko joho jeusi.

Mambo hugeuka pale shamba lile lile linapodaiwa na mtu mwenye hati ya serikali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, ikaahidi katika kifungu cha 389 kwamba amri ya rais ingekuja kueleza haki za wale wakaao juu ya ardhi za jamii, na amri hiyo watu waliingoja miaka makumi. Kubishana ndani ya pengo kama hilo si kazi ya mkulima. Hapo na auze mbuzi, amtafute wakili.

Lakini palipo na hatari kubwa kupita zote ni kwenye kasho, yaani mahabusu ya polisi. Mtu hukamatwa, huhojiwa kwa Kiswahili au kwa Kifuliiru, na maneno yake huandikwa kwa Kifaransa katika karatasi waiitayo PV, kisha husomewa upesi upesi na kuambiwa atie sahihi au dole gumba. Na neno “nilikuwapo”, alilolisema kwa maana ya kupita njiani, laweza kumfikia hakimu likiwa limevaa maana ya kushiriki. Wakili aajiriwaye baada ya miezi miwili hukuta karatasi ile imekwisha kukauka wino. Kwa hiyo mwenye fedha za siku moja tu za wakili, nami nasema hivi bila kusitasita, azitumie siku ya kwanza ya kukamatwa. Katiba, kifungu cha 18, humruhusu aliyewekwa kizuizini kuonana mara moja na jamaa zake au mtetezi wake, tena humtaka polisi amwachie au amkabidhi kwa mamlaka ya sheria kabla ya saa 48 kupita.

Na asiye na fedha kabisa? Sheria ya mawakili ya mwaka 1979 imewapa mawakili wajibu wa kuwasaidia mafukara kwa ofisi ya ushauri wa bure, ingawa ofisi hiyo hukaa mjini na fukara hukaa kijijini. Wako pia watetezi wa mahakama, wasio mawakili kamili, ambao huruhusiwa kusimama katika mahakama za chini lakini si katika ile ya Rufani. Yako hata hivyo mashauri ambayo mtu hawezi kuyabeba peke yake: wazazi wa Kavumu, ambao mabinti zao wadogo walinajisiwa, wangewezaje bila mawakili kuthibitisha jinai dhidi ya ubinadamu mbele ya mahakama ya kijeshi iliyohukumu huko huko Desemba 2017, ikamfunga maisha mbunge wa mkoa, Frederic Batumike, pamoja na wenzake?

Haya ni ya sheria kama ilivyoandikwa. Tangu Februari 2025, waasi wa AFC/M23 walipoutwaa mji wa Bukavu na serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ikahamia Uvira, hata kujua ni hakimu yupi wa kumwendea kumekuwa mtihani.

Hukumu ya jinai ina siku 10 za kukata rufani, ya madai ina siku 30. Mteja na amwulize wakili siku ile ile ya kulipa kama ujira unafika rufanini, na jibu liandikwe kwenye risiti. Kwani wakili huenda akaona kazi yake imekwisha hukumu isomwapo, mteja akaona ndiyo kwanza inaendelea, na wakati kila mmoja akimngojea mwenzake siku kumi zikapita.