Molo Hadi Roma: Lipia Viza Kabla ya Tiketi

Kama unataka kuona Roma, sisi tungekuambia uende Septemba, sio Agosti. Agosti joto huwa kali, na mtu wa Molo aliyezoea kuvaa sweta hata saa sita mchana atateseka bure. Tena tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu kubwa ya Waitaliano, na maduka mengi hufungwa.

Safari ya Septemba anza kuipanga mwezi wa tatu. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya kuondoka. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa viza hairudishwi. Bima ya matibabu lazima ifikie yuro 30,000. Tiketi ya ndege weka nafasi tu. Ilipe viza ikishatoka.

Ubalozi utataka kuona stetimenti ya benki pia. Pesa za waru zikiingia kwa simu, zipeleke benki kila msimu. Laki tatu zikitokea ghafla wiki moja kabla ya ombi, utaulizwa zimetoka wapi.

Sasa, kuna yule anayekuahidi "viza ya uhakika" ukimtumia pesa kwa namba yake mwenyewe. Usitume. Anayeamua ni ubalozi, na kama ni mara yako ya kwanza, alama za vidole utazitoa wewe mwenyewe Nairobi. Mwitishe tili au peibili ya kampuni, kisha soma jina kabla ya kuweka PIN. Ushatuma? Tupigie saa hiyo hiyo, kabla hajazitoa kwa ajenti.