Kwa Nini Mafuta ya Hoima Huganda

Chupa ya mafuta ya nazi ikilala dirishani wakati wa kipupwe, asubuhi hukutwa imeganda nyeupe, na mwenye nayo huianika juani kidogo ndipo amimine. Mafuta ghafi ya Hoima, magharibi mwa Uganda, yana tabia hiyohiyo, ila yenyewe hayangoji baridi: yakishuka chini ya nyuzi 40 hivi za Selsiasi huanza kushikana. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto njia nzima, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi. Wengi huutaja ugumu huu kama kasoro tu, mzigo wa gharama uliotuangukia kwa bahati mbaya. Mimi nauona kuwa cheti cha kuzaliwa cha mafuta yale. Nishati ya kisukuku, iwe mafuta, gesi au makaa ya mawe, hubeba tabia za viumbe vilivyoizaa na za mahali ilipopikwa, na tabia hizo ndizo zinazoamua kazi itakayofanya.

Neno kisukuku huwapeleka wengi kwenye mifupa ya dinosaria. Hao hawamo katika habari hii. Mafuta huzaliwa na viumbe wadogo mno, hasa mwani unaoelea majini, ambao hufa kila siku na kuzama kimyakimya. Penye kina kirefu na maji yasiyochanganyika, oksijeni haifiki chini, kwa hiyo masalia hayaozi yakaisha. Hulala ndani ya tope, na tope jingine huja juu yake. Bonde la Ufa la magharibi, ambamo Ziwa Albert limo leo, limekuwa likididimia kwa mamilioni ya miaka huku mito ikilijaza mchanga na udongo, hata matabaka yakafikia unene wa kilomita kadhaa. Kwa kawaida kila kilomita moja kwenda chini huongeza joto la nyuzi 25 hadi 30. Masalia yakifika kwenye nyuzi 60 mpaka 120 hivi hugeuka mafuta. Yakizidi kuzama na kuiva zaidi, huishia kuwa gesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, basi hupanda kupitia vitundu vya mchanga mpaka yazuiwe na tabaka la udongo wa mfinyanzi. Pasipo na kizuizi hutokeza nje yenyewe. Dalili za namna hiyo kandokando ya ziwa ndizo alizoziandikia ripoti mwanajiolojia E. J. Wayland mwaka 1925, miaka 81 kabla ya visima vya 2006 kuthibitisha kwamba mafuta yapo ya kutosha kuchimbwa kibiashara.

Sasa turudi kwenye kuganda. Mwani wa maji baridi, pamoja na utando wa nta unaofunika majani yaliyosombwa na mito, huacha minyororo mirefu ya kaboni. Petroli ina kaboni 5 hadi 12 hivi katika kila mnyororo. Nta ya mshumaa ina 20 na kuendelea, na hiyo ndiyo iliyojaa katika mafuta ya Hoima. Ziwa limeacha alama nyingine pia: maji yake yana salfeti kidogo kuliko bahari, na mafuta haya yana salfa kidogo, jambo wanalolipenda wasafishaji. Linganisha na makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma. Hayo yalitokana na mimea ya vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Miti ni mbao, na mbao hazigeuki kimiminika kwa urahisi. Zilibanwa zikawa jiwe jeusi linalochomwa kwenye matanuri ya saruji.

Yupo atakayepinga kwamba huenda mafuta hayahusiani na uhai hata kidogo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mendeleev, yule wa jedwali la elementi, aliwahi kudai kwamba hutengenezwa na maji yanapokutana na kabidi za chuma huko chini sana, na ni kweli kwamba methani inaweza kutokea bila kiumbe chochote. Lakini katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs aligundua ndani ya mafuta ghafi molekuli zenye umbo linalotokana na klorofili, ule ukijani wa majani. Chuma na mvuke havitengenezi klorofili.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu: ikiwa bonde hili ni changa kijiolojia, na bado linadidimia, si mafuta yanaendelea kupikwa hata leo? Huenda yanapikwa. Tupige hesabu basi. Kinachokadiriwa kuweza kutolewa ni mapipa bilioni 1.4 hivi, na bomba limepangiwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku kazi ikiwa imepamba moto. Kwa mwendo huo usiopungua, hazina yote ingekwisha chini ya miaka 18. Kazi ya mamilioni ya miaka haiwezi kufidia matumizi ya namna hiyo, na kaboni ambayo mwani uliivuta hewani kidogokidogo kwa muda wote huo itarudishwa hewani ndani ya kizazi kimoja.

Si yote yatachomwa, hata hivyo. Kwenye mtambo wa kusafishia, mafuta ghafi hupashwa joto na kutenganishwa kwa uzito: gesi ya kupikia na petroli juu, kisha mafuta ya taa na ya ndege, dizeli, na mwisho mazito. Katika mafuta yenye nta nyingi, sehemu nzito inaweza kutoa malighafi ya mishumaa na vilainishi, au kuvunjwavunjwa ili itoe dizeli zaidi. Lakini kabla ya hayo, lazima yafike melini yakiwa bado yanatiririka, na hata jua la Tanga la mwezi Februari halitoshi kuyayeyusha.